Sista wa Dawa na Kadi ya Nyanya

Ndugu msomaji, ungeniuliza miaka miwili iliyopita muuguzi hufanya kazi gani, ningekujibu pasipo kufikiri kwamba hudunga watu sindano. Leo nataka kukueleza habari za muuguzi ambaye kwa muda wote niliomjua sikumwona na sindano mkononi hata siku moja. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba dawa iliyotoka kliniki imefika tumboni mwa mgonjwa, leo, kesho na hata mtondogoo. Kwetu Soweto West watu humwita Sista wa Dawa, basi nami nitamwita hivyo.

Kwa wale wenzangu wasiokujua kwetu, Soweto West ni kimojawapo cha vijiji vya Kibera, upande wa Kianda. Tunaishi watu watano katika chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi. Mwaka jana nyanya yangu alianza kukohoa. Alikohoa wiki ya kwanza tukasema ni vumbi, ya pili tukasema ni baridi. Ya tatu alianza kutoka jasho usiku hadi shuka inalowa, na kanga yake ikawa inamzunguka mara mbili. Makohozi yalipopimwa, ikaonekana ni kifua kikuu.

Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika hospitali za serikali. Miezi miwili ya kwanza mgonjwa humeza dawa za aina nne zilizochanganywa katika kidonge kimoja: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Miezi minne inayofuata hubaki aina mbili za kwanza. Idadi ya vidonge hutegemea uzito. Nyanya alikuwa na kilo 41, akapewa vitatu kwa siku. Sista alimwonya mapema kwamba mkojo ungekuwa na rangi ya machungwa, asije akadhani ni damu. Wagonjwa wengine huacha dawa siku hiyohiyo wanapouona!

Jambo la kujivunia ni kwamba miezi hiyo sita ina historia yake hapa kwetu. Zamani mgonjwa alitibiwa mwaka mmoja na nusu au zaidi. Majaribio yaliyofanywa miaka ya mwanzo ya 1970 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, wakishirikiana na watafiti wa Uingereza, ndiyo yaliyoonyesha kwamba miezi sita inatosha rifampisini ikiwamo. Kisha Tanzania, kuanzia mwishoni mwa miaka hiyo, daktari Karel Styblo na wenzake walijenga utaratibu wa daftari, kipimo cha makohozi na kumsimamia mgonjwa anapomeza dawa. Shirika la Afya Duniani lilikuja kuueneza ulimwenguni katika miaka ya 1990. Kwa hiyo lile daftari kubwa la Sista wa Dawa lina ujamaa na Tanzania.

Kila mgonjwa anatakiwa awe na msimamizi nyumbani, mtu wa kumtazama akimeza na kutia alama kwenye kadi. Nyumbani kwetu aliyejua kusoma na aliyekuwapo asubuhi ni mimi. Nikakabidhiwa kadi. Nilijiona daktari kabisa.

Miezi miwili ilipita vizuri. Kikohozi kikakoma, nyanya akaanza tena kuuza sukuma wiki mbele ya mlango. Hapo ndipo matatizo yalipoanzia. Mtu akiwa mgonjwa humeza dawa kwa hofu, lakini akipata nafuu huuliza, ya nini? Tena vidonge vilimtia kichefuchefu kwa kuwa alivimeza asubuhi tumbo likiwa tupu, na miguu ilimwasha kama inayochomwa na miiba. "Mjukuu wangu," akaniambia, "weka tu alama. Mimi nitameza baadaye." Nami nikaweka. Nilikuwa nachelewa shule, halafu nani angebishana na nyanyake? Kesho yake tena. Nilijua hamezi. Nilikiona kile kipakiti juu ya kabati, hakipungui.

Siku ya kliniki ilipofika niliandamana naye. Alikuwa amepewa vidonge vya siku 14, yaani 42. Sista aliitazama kadi yangu, alama 14 zimenyooka kama askari wa gwaride. Kisha akaomba kipakiti. Akahesabu vilivyobaki, vikawa 24. Gawanya kwa tatu, ndugu msomaji. Siku nane nyanya hakumeza, na kadi ilisema amemeza.

Nilingoja kelele. Sikuzisikia. Alimwambia nyanya, "Mama, wewe hula saa ngapi?" Akaanza kuuliza habari za uji, za miguu, za nani huchota maji na saa ngapi. Akampa vidonge vya vitamini B6, maana isoniazidi ndiyo huchoma miguu kwa kumaliza vitamini hiyo mwilini. Akamruhusu ameze dawa usiku, pamoja na uji mwepesi. Yote yalichukua robo saa.

Kisha akanigeukia. Alisema hivi: "Kama ningeiamini kadi yako, halafu makohozi yaonekane bado yana vijidudu, ningefikiri dawa zimeshindwa. Ningesema huyu ana kifua kikuu sugu, tumbadilishie dawa. Kumbe dawa hazikushindwa, hazikumezwa." Akanipa kalamu nyekundu nizungushie zile siku nane mwenyewe. Mkono ulinitetemeka. Sikuwahi kufikiri kwamba alama ndogo ya kalamu ingeweza kumpeleka nyanya yangu kwenye matibabu asiyoyahitaji, au kumficha mgonjwa kati ya watu watano wanaolala chumba kimoja, mmoja wao mtoto wa miaka mitatu.

Huyo mtoto ni mdogo wangu. Kumbe naye yumo daftarini. Mgonjwa mmoja akiandikwa, Sista huandika na majina ya wote wanaoishi naye, wapimwe. Wadogo wa chini ya miaka mitano wasio na ugonjwa hupewa dawa ya kinga. Mgonjwa asipofika kliniki, humpigia simu. Asipopatikana, humtuma mhudumu wa afya ya jamii, yule jirani anayejua vichochoro vyote, amtafute mlango kwa mlango. Na si kifua kikuu tu. Wa presha, wa sukari na wanaomeza dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI wanahitaji ufuatiliaji huohuo, isipokuwa wao kadi yao haina mwezi wa sita. Ni ya maisha.

Nchi za ng'ambo wapo wauguzi wa namna hii katika nyumba za kutunzia wazee. Hukagua kama wauguzi wenzao wanatoa dawa kwa wakati na kuandika ukweli. Kwetu nyumba ya wazee ni chumba chetu, na muuguzi mwenzake nilikuwa mimi wa Kidato cha Pili.

Sisi wa Chama cha Kiswahili tujiulize jina la kazi hii. Wengine huiita utiifu wa dawa. Mimi silipendi neno hilo. Utiifu ni wa mtumwa kwa bwana, au wa mwanafunzi kwa mwalimu wa zamu (walimu mnisamehe). Afadhali ufuasi, kwa sababu anayefuata njia amekwisha kukubali aendako. Hili si suala la maneno matupu. Mwaka 2010 wanaume wawili huko Kapsabet walifungwa gerezani kwa kutomeza dawa za kifua kikuu, kwa kutumia Sheria ya Afya ya Umma. Wakawekwa katika jela iliyojaa watu, ugonjwa wenyewe ukiwa wa kuambukiza kwa hewa! Walikuwa wameamriwa wakae miezi minane, wakatoka baada ya siku 46. Kesi ilifika Mahakama Kuu, na mwezi wa Machi mwaka 2016 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba kumfunga mgonjwa gerezani kwa ajili hiyo kunavunja Katiba. Nilipoisoma habari hiyo niliwaza, je, nyanya naye angefungwa kwa zile siku nane? Na mimi je, niliyeandika uwongo?

Nyanya aliongezewa siku nane mwishoni, kufidia alizoziruka. Makohozi yalipimwa mwezi wa tano, yakawa safi. Yakapimwa tena mwisho, safi. Uzito ukafika kilo 47. Siku ya mwisho Sista aliandika neno "amepona" daftarini, akapiga mstari chini kwa rula, akamwita mgonjwa aliyefuata.

Kadi tumeihifadhi katika sanduku la bati pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Nyanya hajui kusoma, lakini kila mgeni akija huitoa, akamwonyesha viduara vyekundu na kusema, "Hapa ndipo mimi na huyu tulipotaka kumdanganya Sista."