Mmenuniana? Leteni Matunda na Karata

Jumamosi ile mimi na mume wangu tulifika kwao Kibiti tumenuniana tangu Mbagala. Alichukua mkopo bila kuniambia. Umeme umekatika, simu hazina chaji.

Mama mkwe akatupa beseni: nanasi, papai, machungwa, ndizi. Yeye anamenya, mimi nakata. Ndizi zinaingia mwisho, unakamulia ndimu zisiwe nyeusi. Sukari ya nini, maji ya nanasi yanatosha! Maongezi yetu: "Shika." "Nipe."

Usiku zikatoka karata, wahedi wa sitini. Pakiti ina pointi 120, ukifika 61 umeshinda. Ree 11, seti 10, mzungu wa nne 4. Mnacheza wawili kwa wawili, mwenzako anakaa mkabala nawe, kwa hiyo kumkwepa macho huwezi. Turufu kopa. Nikatupa seti ya kopa kizembe, wifi akaila kwa ree. Pointi 21 hizo! Nikasubiri lawama.

Akacheka, akanisogezea bakuli. "Kula kwanza, mama."

Tulipigwa 74 kwa 46. Habari ya mkopo alianza mwenyewe, tukiosha vyombo.