Ukijifungia nje: fundi gani wa kumwita, na nini cha kumwuliza

Wakati wa upepo wa kusi, milango mingi ya fleti za Nyali, Tudor na Mikindani hujifunga yenyewe. Mkazi ametoka mara moja kuanika nguo au kupeleka taka chini, mlango umebamiza nyuma yake, na ufunguo uko juu ya meza. Nusu saa inayofuata ndiyo inayoamua kama atamlipa fundi kwa kazi ndogo na kurudi jikoni kwake, au atabaki na kitasa kilichosagwa, fremu iliyopasuka na usiku wa kulala mlango ukiegemezwa kwa kiti.

Mara nyingi mlango uliojifunga hufunguka bila kuvunjwa. Wakazi wengi hawalijui hilo, na ndiyo maana mtu wa kwanza kuitwa huwa ni kijana wa jirani mwenye nguvu, au welda aliye karibu na grainda yake. Welda ni fundi mzuri wa kazi yake, lakini kazi yake ni kukata.

Kama kuna mtu ndani

Kabla ya kufikiria fundi, kuna swali moja: nani au nini kimebaki ndani? Kama ni mtoto mdogo, mgonjwa, sufuria iliyo motoni au harufu ya gesi, hilo si jambo la fundi wa funguo tena. Mkazi apige simu ya dharura 999, 112 au 911, na aite majirani. Huduma za zimamoto na kukabili majanga ni miongoni mwa majukumu ambayo Katiba, katika Jedwali la Nne, imeyakabidhi serikali za kaunti. Kumtoa mtu aliyekwama ndani ni kazi ya vikosi hivyo sawa na kuzima moto. Iwapo moshi umeshaanza kutoka, mlango uvunjwe bila kungoja mtu yeyote. Mlango hununuliwa.

Penye harufu ya gesi, mtu asibonyeze kengele wala swichi ya taa ya nje, na kama mtungi uko veranda, valvu yake ifungwe. Mtoto aliye ndani azungumzishwe kupitia dirishani kwa sauti ya kawaida na aelekezwe akae mbali na jiko. Watoto wengi wa miaka minne au mitano wanaweza kuvuta komeo wenyewe wakielekezwa polepole na mtu wasiyemwogopa.

Tahadhari nyingine ni ya watu wazima. Kuruka kutoka roshani ya jirani hadi roshani yako, au kupanda bomba la maji ili kufikia dirisha la ghorofa ya pili, kunaonekana rahisi kwa sababu ni hatua moja tu. Hakuna ufunguo wenye thamani ya hatua hiyo.

Mlango wa namna gani?

Fundi anayejua kazi atauliza kwenye simu, kabla hajapanda bodaboda, mlango umefungwa na nini. Mkazi anayeweza kujibu hilo hupata bei ya kweli, na fundi huja na vifaa vinavyofaa.

Kitasa kinachojifunga chenyewe mlango unapobamizwa ndicho chepesi zaidi kufungua. Ulimi wake umechongwa mshazari na husukumwa na springi; kama ufunguo haukuzungushwa, hakuna kilichofungwa zaidi ya ulimi huo. Fundi huurudisha nyuma kwa kipande chembamba cha plastiki au chuma, na kitasa hubaki kizima. Anayetoa drili kwa mlango wa namna hii bila hata kujaribu njia hiyo anastahili kuulizwa sababu.

Kitasa cha silinda ni kile chenye ufunguo mfupi wa meno upande mmoja. Ndani yake kuna pini ndogo zinazosukumwa na springi. Ufunguo sahihi hupanga pini zote katika mstari mmoja, na hapo silinda huzunguka. Fundi mwenye mkono mwepesi huzipanga moja moja kwa vifaa vyake. Zikikataa, hutoboa silinda peke yake na kuweka nyingine. Silinda ndiyo inayobadilishwa. Mlango na mwili wa kitasa vinabaki.

Nyumba nyingi za kupanga Changamwe, Likoni na Kisauni zina vitasa vya liva, vile vya ufunguo mrefu wenye bapa mwishoni. Kitasa cha liva mbili hakimsumbui fundi, na kwa kweli hakimsumbui mwizi pia. Cha liva tano huchukua muda zaidi. Kama ufunguo wenyewe umebaki ndani ya tundu, upande wa pili wa mlango, kuna mbinu ya zamani ambayo haihitaji fundi: gazeti hupitishwa chini ya mlango, ufunguo husukumwa kwa kijiti mpaka udondoke juu yake, na gazeti huvutwa taratibu. Inafaa tu kama chini ya mlango pana nafasi ya kutosha.

Kufuli la grili au la geti ni suala jingine. Hapo kukata ndiyo njia ya kawaida, na gharama yake huwa kufuli jipya. Vitasa vya nambari na vya alama ya kidole, vinavyoonekana sasa katika fleti mpya, mara nyingi hugoma kwa sababu betri imekwisha. Vingi vina sehemu ya nje ya kugusisha betri ya volti 9 au kuchomeka waya wa chaja, hivyo inafaa kutazama chini ya kitasa kabla ya kupiga simu.

Na kwa wakazi wa Mji wa Kale: milango ya nakshi isiguswe na drili wala tindo. Mji huo ni eneo la hifadhi, na mbao iliyochongwa miaka mingi iliyopita hairudishwi na fundi yeyote. Afadhali kutoa kioo kimoja cha dirisha la nyuma.

Fundi atauliza maswali, na ni vyema

Wako wanaokasirika fundi akiwaambia, “Mama, samahani, nionyeshe kwamba hapa ni kwako.” Hawana sababu ya kukasirika. Fundi asiyeuliza swali hilo leo hataliuliza kesho, atakapoitwa na mtu mwingine kwenye mlango huohuo mwenyewe akiwa kazini. Sheria nayo inamtazama fundi: Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, inafanya kuwa kosa mtu kupatikana na vifaa vya kuvunjia nyumba bila sababu halali. Sababu halali ya fundi ni mteja ambaye kweli anaishi pale.

Tatizo ni kwamba kitambulisho nacho mara nyingi kiko ndani. Zipo njia nyingine. Ujumbe wa M-Pesa wa kodi ya mwezi uliotumwa kwa mwenye nyumba ni ushahidi mzuri. Ujumbe wa tokeni za umeme una nambari ya mita, na mita ikiwa nje ya nyumba, fundi anaweza kulinganisha nambari hizo mbili papo hapo. Mlinzi wa jengo, mwangalizi wa ploti, jirani wa muda mrefu au balozi wa Nyumba Kumi anaweza kuitwa kushuhudia. Mlango ukishafunguka, kitambulisho kionyeshwe kabla fundi hajaondoka. Mafundi wengine huandika jina na nambari ya simu ya mteja katika daftari. Daftari hilo humlinda mteja pia.

Mkazi naye ana maswali yake. La kwanza, fundi anafanyia kazi wapi? Mwenye kibanda au duka linalojulikana, penye mashine ya kuchonga funguo na leseni ya biashara ya kaunti ukutani, anaweza kupatikana tena kitasa kikikwama wiki ijayo. Leseni hiyo haithibitishi ustadi wake. Inathibitisha kwamba ana anwani. Ustadi huulizwa kwa majirani na kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, ambayo humjua anayerudishiwa kazi na asiyerudishiwa.

Tangazo lenye nambari ya simu tu, bila mahali, lichukuliwe kwa uangalifu. Fundi kuomba nauli ya bodaboda kabla hajaja ni jambo la kawaida. Anayedai ada nzima kwenye simu kabla hata hajauona mlango ni wa kuepukwa.

Bei hakuna iliyopangwa na serikali, kwa hiyo makubaliano yafanywe kwanza, na yawe na sehemu mbili: ada ya kufungua, na ada ya kitasa au silinda mpya iwapo italazimika. Kazi ya usiku hugharimu zaidi. Mtu aliye peke yake saa sita za usiku anaweza kupima kama ni bora kulala kwa jirani au kwa ndugu hadi asubuhi. Akiamua kuita fundi saa hizo, asikae naye peke yake mlangoni. Jirani au mlinzi awepo.

Ujanja unaojirudia ni fundi kufika, kutazama mara moja na kusema kitasa kimeharibika chote, lazima kibadilishwe. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumdanganya mteja kuhusu kazi anayohitaji, na Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa haki ya kupewa habari anazohitaji. Kwa vitendo, maana yake ni mkazi kumwambia fundi: “Nieleze kwanza kwa nini hakifunguki.” Akishindwa kueleza, alipwe nauli yake aende. Aliyeharibu mlango na kukataa kuutengeneza anaweza kushtakiwa katika Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Ujumbe wa M-Pesa na picha ya mlango kabla na baada ya kazi vinatosha kuanzia.

Ufunguo uliopotea si sawa na uliosahauliwa

Kama ufunguo ulikuwa ndani muda wote, mlango ukifunguka mambo yamekwisha. Hakuna haja ya kitasa kipya. Lakini kama umepotea njiani, au mkoba umenyakuliwa katika matatu, kufungua mlango ni nusu ya kazi. Mtu fulani ana ufunguo wa nyumba hiyo, na pengine ana karatasi zinazoonyesha ilipo. Silinda au kitasa kibadilishwe siku hiyohiyo, na wizi uripotiwe kituo cha polisi ili mkazi apate nambari ya OB, ambayo itamfaa pia anapotafuta kitambulisho kipya. Mpangaji amjulishe mwenye nyumba kabla ya kubadilisha.

Hapa ifahamike pia kwamba ufunguo unaweza kuchongwa kutokana na picha nzuri ya meno yake. Picha ya furaha ya kupata nyumba mpya, ufunguo ukiwa mkononi, haifai kuwekwa mtandaoni. Na anayepeleka ufunguo kuchongwa nakala asimame pale mpaka kazi iishe.

Kama aliyefunga ni mwenye nyumba

Kuna wapangaji wanaotafuta fundi wa funguo kwa sababu wamekuta kufuli geni mlangoni, limewekwa na mwenye nyumba kwa ajili ya kodi iliyochelewa. Fundi mwangalifu ataikataa kazi hiyo, na atakuwa sahihi, maana akikata kufuli hilo ataingizwa katika mgogoro usiomhusu.

Lakini mwenye nyumba naye hana ruhusa ya kujichukulia hatua hiyo. Kodi inayodaiwa ina njia zake za kisheria, na mali ya mpangaji ikikamatwa kwa deni la kodi, hukamatwa na dalali mwenye leseni. Kumtoa mtu nyumbani kunahitaji amri. Kwa nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, malalamiko husikilizwa na baraza la kodi lililoundwa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296. Kodi ikizidi hapo, mpangaji huenda mahakamani. Kwanza apige picha ya kufuli hilo, ahifadhi ujumbe wote wa malipo na wa vitisho, aripoti kwa chifu na kituo cha polisi, na kama dawa au vitabu vya shule vimefungiwa ndani, alitaje hilo waziwazi katika ripoti.

Kabla ya siku hiyo

Ufunguo wa akiba una faida ukikaa kwa mtu. Ukiwekwa chini ya mkeka, juu ya fremu au ndani ya chungu cha maua, unakaa mahali ambapo kila mwizi huanza kutafuta. Nambari ya fundi aliyethibitishwa na majirani iwekwe kwenye simu mapema, na iandikwe pia kwa mlinzi, kwa kuwa simu nayo hupenda kubaki ndani pamoja na ufunguo.

Mwisho ni chumvi. Hewa ya bahari hula springi za vitasa, na kitasa kinachokwaruza leo ndicho kitakachovunja ufunguo ndani yake mwezi ujao. Mafuta ya kupikia hayafai. Huvuta vumbi na kugeuka gundi. Njia rahisi ni kusugua risasi ya penseli kwenye meno ya ufunguo, kuuingiza na kuuzungusha mara kadhaa, na kurudia kila baada ya miezi michache.