Nafasi ya Maarifa ya Mtumiaji katika Ufanisi wa Zana za Kikompyuta za Kusaidia Uamuzi: Mifano kutoka Uwanja wa Tiba

Utangulizi

Makala haya yanafafanua namna maarifa ya mtumiaji yanavyoathiri ufanisi wake anaposaidiwa na kompyuta kufikia uamuzi. Zana ya kusaidia uamuzi, kwa maana inayotumika hapa, ni programu inayopokea taarifa za mgonjwa na kupendekeza utambuzi wa ugonjwa au tiba, huku uamuzi wa mwisho ukibaki kwa mtaalamu. Hoja kuu ni kwamba maarifa ya mtumiaji hayaonekani sana pale zana inapotoa pendekezo sahihi. Thamani yake hudhihirika pale zana inapokosea.

Maarifa katika Kuingiza Taarifa

Tafiti za awali zililinganisha kompyuta na daktari kana kwamba ni washindani. Mwaka 1972, F. T. de Dombal na wenzake wa Leeds, Uingereza, walichapisha matokeo ya programu ya kutambua chanzo cha maumivu makali ya tumbo kwa wagonjwa 304. Programu ilikuwa sahihi kwa asilimia 91.8, ilhali daktari mwandamizi wa timu alikuwa sahihi kwa asilimia 79.6. Hata hivyo, dalili zilizoingizwa katika programu zilikusanywa na madaktari wenyewe. Dalili ikichunguzwa vibaya, hesabu iliyo sahihi huzaa jibu potofu. Hivyo, hata ushindi wa kompyuta ulisimama juu ya maarifa ya binadamu.

Maarifa katika Kupima Pendekezo

Mwaka 2023, Thomas Dratsch na wenzake walichapisha katika jarida la Radiology utafiti uliowahusisha madaktari 27 wa radiolojia waliosoma picha 50 za eksirei za matiti. Madaktari waliambiwa kwamba mapendekezo waliyopewa yametolewa na akili mnemba. Baadhi yake yalipotoshwa kwa makusudi. Pendekezo lilipokuwa sahihi, wenye uzoefu mdogo walikuwa sahihi kwa asilimia 79.7 na wenye uzoefu mkubwa kwa asilimia 82.3. Pendekezo lilipokuwa na kosa, kundi la kwanza lilishuka hadi asilimia 19.8 na la pili hadi asilimia 45.5. Pengo kati yao lilikua kutoka alama 2.6 hadi 25.7.

Matokeo haya yana maana mbili. Kwanza, mtumiaji mwenye maarifa haba hukosa jibu lake mwenyewe la kulinganisha na lile la mashine, hivyo kukubali huwa ndiyo njia pekee iliyobaki. Pili, maarifa hupunguza utegemezi huo bila kuuondoa, kwani hata wabobezi walikosea zaidi ya nusu ya picha hizo.

Mahali Wataalamu Walipo Wachache

Suala hili lina uzito mkubwa Tanzania, ambako zana kama hizi hulenga kumsaidia mhudumu wa afya asiye na daktari bingwa karibu. Jaribio la programu ya ePOCT, lililofanyika Dar es Salaam kati ya 2014 na 2016 kwa watoto wenye homa, lilionesha kwamba asilimia 11.5 waliandikiwa viuavijasumu, ikilinganishwa na asilimia 29.7 katika kundi lililohudumiwa kwa programu ya ALMANACH. Watoto ambao hali yao haikupata nafuu ifaayo walikuwa asilimia 2.3 dhidi ya 4.1. ePOCT iliongeza vipimo vya papo hapo, kikiwemo kipimo cha oksijeni katika damu, na hivyo kupunguza mzigo wa kukisia. Usanifu mzuri, basi, unaweza kuziba sehemu ya pengo la maarifa, lakini kipimo kilichochukuliwa vibaya bado kinahitaji jicho la kukitilia shaka.

Hitimisho

Wastani wa jumla wa usahihi hautoshi kuthibitisha kwamba zana inafaa. Tathmini inapaswa kuonesha, kwa kila kiwang cha maarifa ya watumiaji, matokeo ya zana inapokuwa sahihi na inapokosea, kila moja peke yake. Mafunzo nayo yahusishe mifano ambayo zana imekosea, ili mhudumu ajue pia mipaka yake. Bila hivyo, anayepewa zana kwa sababu maarifa yake ni machache ndiye atakayeshindwa kugundua kosa lake, na mgonjwa ndiye atakayelipa gharama.