Neno "Viazi" na Nyaya za Chatiboti

Mama yangu mkubwa analima Ngungu, kule Masisi, Kivu Kaskazini. Mnunuzi akija na lori hutaja bei yake, na mkulima asiyejua bei ya Goma hana la kujibu. Kwa ajili hiyo nilitengeneza chatiboti ndogo: unatuma SMS ukiuliza bei ya zao, nayo inakujibu. Sikusomea kompyuta, ninasoma lugha kama wewe unayesoma makala haya. Nataka kueleza jinsi nilivyoiunganisha, na mahali ambapo kazi iliacha kuwa ya mashine ikawa ya isimu.

Nilitumia Node-RED, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2013 na Nick O'Leary na Dave Conway-Jones wa IBM. Humo sehemu kubwa ya kazi huchorwa, haiandikwi. Kila hatua ni kisanduku kiitwacho nodi. Unavuta waya kutoka nodi moja hadi nyingine, na ujumbe hupita humo kama kifurushi kinachopokezanwa mkono kwa mkono. Wazo hili ni la zamani: J. Paul Morrison alilibuni akiwa IBM nchini Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hapa jirani, kampuni ya Nyaruka ya Kigali ilishirikiana na UNICEF kujenga RapidPro, ambayo huchora mazungumzo ya SMS kwa mtindo kama huo.

Mchoro wangu ulikuwa na nodi tano. Ya kwanza hupokea SMS kutoka kwenye simu yangu ya Android. Ya pili huisafisha: inageuza herufi kubwa kuwa ndogo na kuondoa nafasi zisizo na kazi. Ya tatu ni njia panda: hutafuta neno na kuchagua waya wa kufuata. Ya nne hufungua lahajedwali ninamoandika bei za soko. Ya tano hurudisha jibu. Programu hizi hazifahamiani, lakini nyaya zinazifanya zifanye kazi pamoja. Nilimaliza kwa siku mbili, nikajiona fundi.

Wiki hiyo hiyo mama mkubwa alipiga simu. "Mutoto wangu, ile mashini yako iko nanidanganya." Alikuwa ameuliza bei ya viazi, akiwa na viazi mviringo vya kuuza. Katika njia panda mimi nilikuwa nimeandika "viazi" nikimaanisha viazi vitamu. Kama asingelishuku lile jibu, angeuza mavuno ya msimu mzima kwa bei ya zao jingine. Nyaya zote zilikuwa sawa. Kosa lilikuwa katika neno moja, nami ndiye niliyeliandika.

Nilifungua nodi ya uchunguzi, ambayo huonyesha kila ujumbe unaopita, nikasoma watu walivyoandika. Mmoja aliandika "birayi", kutoka ibirayi ya Kinyarwanda. Mwingine: "maharagi iko ngapi leo?" Mwingine: "sitaki bei ya maharage, nataka ya mahindi", naye akapewa bei ya maharage, kwa kuwa njia panda huona neno bila kuona ukanushi.

Nilirekebisha mambo matatu. Kwanza, kila zao lilipata orodha ya majina yake yote, kutoka Kiswahili sanifu, Kiswahili cha Kongo na Kinyarwanda. Pili, neno lenye maana mbili halijibiwi tena kwa kubahatisha. Chatiboti inauliza: "Viazi vitamu au mviringo?" Hapo nikagundua kwamba kila SMS hufika peke yake, bila kumbukumbu ya ile iliyotangulia, jibu "mviringo" likija halina swali lake. Node-RED ina mahali pa kuhifadhi swali hilo kwa kila namba ya simu, na mahali hapo panaitwa muktadha. Nilicheka: somo la pragmatiki lilikuwa limenifuata hadi kwenye nyaya. Tatu, ujumbe usioeleweka, au wenye ukanushi, hupitia waya wa "vinginevyo" na kuletwa kwenye simu yangu, nami humjibu mtu mwenyewe. Kila neno geni linaloingia humo naliandika daftarini.

Rafiki yangu alishauri niweke modeli kubwa ya lugha badala ya njia panda. Inawezekana, nayo itakuwa nodi moja zaidi. Lakini kazi yake iwe kutambua zao tu. Bei itoke kwenye lahajedwali, kwa sababu modeli inaweza kubuni namba na kuitamka kwa uhakika.

Kuchora nyaya mtu yeyote anaweza kujifunza. Lakini nani ataandika maneno yaliyo ndani ya njia panda? Akiandika asiyejua kwamba Ngungu wanasema birayi, mkulima ndiye atakayelipa. Kazi hiyo ni ya kitivo chetu. Mama mkubwa sasa anauliza kila Jumatatu, na daftari langu limefika ukurasa wa tisa.