Shilingi si faranga: Somo la kijana wetu wa Chicago

MSOMAJI, hasa wewe unayevuka mpaka wa Mugina na Manyovu kila wiki ukiwa na faranga mfuko huu na shilingi mfuko ule, leo nakuomba tusafiri pamoja hadi Chicago, Marekani. Usihofu nauli. Tutarudi Nyanza-Lac kabla makala haya hayajaisha, na tukirudi nina jambo la kuungama.

Mwaka jana nilitembelewa na mwanafunzi wangu wa zamani. Nilimfundisha hesabu kambini wilayani Kasulu, Tanzania, yeye akiwa mtoto na mimi kijana niliyemaliza masomo humo humo ukimbizini. Wazee wetu ni wale waliokimbia Burundi mwaka 1972 wakaenda Zaire, kisha vita vya mwaka 1996 vikatuvusha Ziwa Tanganyika. Mwaka 2007 familia yake ilipelekwa Marekani pamoja na wakimbizi wengine wa 1972. Mwaka uliofuata mimi nikapanda gari la kurudi nyumbani.

Alikuja kumzika bibi yake. Nikamwomba aingie darasani kwangu awaeleze watoto kazi anayofanya. Anaandika programu za kompyuta zinazopiga hesabu katika kampuni ya uwekezaji. Mwanafunzi mmoja, binti wa mfanyabiashara wa mchele, akamuuliza, "Kaka, kwani wewe unauza nini?"

Akacheka. "Siuzi kitu, mdogo wangu. Mimi natengeneza mzani."

Kazi yenyewe ikoje

Kampuni ya namna hiyo hutunza fedha za watu wengine: mifuko ya pensheni, vyuo vikuu, matajiri. Fedha hizo hununua hisa, yaani vipande vya umiliki wa makampuni. Zipo kampuni ambako mtu huamua anunue nini kwa kusoma taarifa na kuzungumza na wakurugenzi. Anakofanya kazi kijana wetu, uamuzi hutokana na hesabu. Mtafiti husema ameona hisa za aina fulani hupanda baada ya jambo fulani kutokea. Mwandishi wa programu huligeuza wazo hilo kuwa amri ambazo kompyuta inaweza kuzifuata, hulipima kwa bei za miaka iliyopita, na likifaulu huliunganisha na soko.

Mmoja wa watu walioipa kazi hii sifa ni Jim Simons, aliyefundisha hisabati chuo kikuu kabla ya kuanzisha kampuni ya Renaissance Technologies. Alifariki mwaka 2024 akiwa bilionea. Mwalimu mwenzangu huyo, ingawa mishahara yetu haikupata kufanana.

Nilidhani kijana wangu hushinda akibuni kanuni za ajabu. "Hapana, Mwalimu," akaniambia. "Sehemu kubwa ni kufagia."

Soko la hisa la New York hufunguliwa saa mbili na nusu asubuhi kwa saa za Chicago. Kabla ya hapo lazima ahakikishe bei za jana zimefika zote na ni sahihi. Akatoa mfano. Mwishoni mwa Agosti 2020, kampuni ya Apple iligawa kila hisa yake moja kuwa nne. Bei ya hisa moja ikashuka hadi karibu robo, lakini hakuna aliyepoteza hata senti, kwa kuwa aliyekuwa na hisa moja sasa alikuwa nazo nne. Kompyuta isiyoambiwa hilo itadhani kampuni imeanguka. Ni kama mtu aseme bei ya mchele imeshuka, kumbe jana aliuliza bei ya gunia na leo ameuliza ya debe.

Jambo lingine analolichunga ni kompyuta kuchungulia kesho. Ukipima kanuni kwa bei za mwaka 2015, kompyuta haitakiwi kuona lolote lililojulikana baada ya siku unayoipima. Ikiona, itafaulu kupita kiasi, kama mwanafunzi aliyepewa majibu kabla ya mtihani. "Majaribio yakinionyesha faida kubwa mno sifurahi," alisema. "Natafuta ni wapi programu ilipochungulia." Walimu wenzangu mtamwelewa.

Dakika 45 na miezi kumi

Makosa ya kazi hii yapo yanayopiga kelele. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilikuwa imeweka programu mpya kwenye seva zake saba, ya nane ikasahauliwa ikiwa na amri za zamani. Soko lilipofunguliwa, amri zile za zamani zikaamka. Oda 212 za wateja zikazaa mamilioni ya manunuzi na mauzo. Kwa muda wa kama dakika 45, kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 440. Mwaka uliofuata iliunganishwa na kampuni nyingine.

Yapo pia makosa ya kimya, na hayo ndiyo kijana wetu anayoyaogopa zaidi. Mwaka 2007, katika kampuni ya AXA Rosenberg ya California, kosa liliingia kwenye programu ya kuchagua hisa. Sehemu moja ilipeleka namba kwa desimali, nyingine kwa asilimia, na kompyuta ikazisoma kana kwamba ni kipimo kimoja. Mwanafunzi wangu anajua kwamba 0.05 na asilimia 5 ni kitu kimoja. Kompyuta ikipewa 0.05 na 5 bila maelezo huona moja ni kubwa mara mia kuliko nyingine. Hivyo programu haikupima hatari sawasawa, na mafungu zaidi ya 600 ya fedha za wateja yakaguswa.

Juni 2009 mfanyakazi mmoja aligundua kosa hilo. Kwa mujibu wa tume inayosimamia masoko ya hisa Marekani, kiongozi wa juu aliagiza lifichwe na lisirekebishwe mara moja. Wateja waliambiwa Aprili 2010, miezi kumi baadaye. Mwaka 2011 makampuni husika yalikubali kuwalipa wateja dola milioni 217, na juu yake faini ya dola milioni 25.

Msomaji, angalia hapo vizuri. Hasara ililetwa na namba. Faini ililetwa na ulimi uliofungwa.

Darasa likauliza kama yeye amewahi kukosea. Alikaa kimya kidogo. Akasema katika mwaka wake wa pili kazini, usiku akiwa peke yake, aligundua kwamba programu aliyoiandika mwenyewe ilikuwa ikisoma bei za siku moja mbele. Hakuna mwingine aliyejua. Mama yake anaishi kwa mshahara ule, na wadogo zake wawili walikuwa shuleni. Angeweza kurekebisha mstari mmoja na kwenda kulala. Alikaa hadi alfajiri, kisha akampigia simu msimamizi wake. Wazo walilolifanyia kazi miezi mitano likatupwa. Hakufukuzwa, ila aliandika taarifa ndefu ya kosa lake, na hadi leo wageni wa kazi hupewa waisome.

Daftari langu

Sasa tumerudi nyumbani. Mimi ndiye mtunza daftari wa kikundi cha akina mama wanaonunua mchele na chumvi ng'ambo. Miezi mitatu kabla ya ziara ile, nilijumlisha matumizi ya safari moja. Nauli za huku zilikuwa kwa faranga, manunuzi ya kule kwa shilingi, nami nikaziweka safu moja. Mama mmoja aliyekuwa ametoa shilingi 60,000 zake kule sokoni alirudishiwa faranga 60,000. Siku hizo, kwa wabadilisha fedha wa pale mpakani, shilingi ilikuwa na nguvu kuliko faranga. Nililiona kosa baada ya wiki mbili. Nikaona aibu, mwalimu wa hesabu mzima, nikanyamaza.

Jioni ile baada ya kumsindikiza kijana, nilikwenda kwa yule mama nikiwa na daftari na fedha zake zilizopungua. Nikamweleza yote.

"Nilijua, Mwalimu," akasema. "Daftari lako siwezi kulisoma, lakini mfuko wangu naujua. Nilikuwa nangoja useme."

Alizihesabu mara mbili, akazifunga kwenye kanga, akaniletea kiti.

Tangu siku hiyo daftari letu lina safu mbili, faranga upande wake na shilingi upande wake, na kila ukurasa una tarehe na kiwango cha kubadilisha cha siku hiyo. Mama mwingine husomewa hesabu kabla hatujagawana. Kijana wetu anasema kwao pia hakuna programu inayoingia sokoni kabla ya jicho la pili kuipitia. Nawashauri wenye vikundi mpakani mfanye hivyo. Na ukigundua umekosea, sema siku hiyo hiyo, kabla aliyepunjwa hajaanza kungoja.