WAKFU WA MISITU: HABARI ZA KOROGWE NA HANDENI



Katika mkutano wa tawi moja mzee mmoja alisimama akauliza: "Kijana wangu yuko chuo kikuu, anasoma habari za vyura na miti ya porini. Je, hiyo ni elimu ya kumlisha mtu?" Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa swali lile latuhusu sote tunaoishi kwa mti mmoja. Nimeahidi kulijibu humu kwa kadiri nijuavyo.

Tutazame kwanza ng'ambo yetu, Mkoa wa Tanga, katika wilaya mbili za Korogwe na Handeni. Korogwe ina milima ya Usambara, yenye ukungu na mvua nyingi. Handeni, kusini mwa mto Pangani, ni nchi ya Wazigua, kavu, na shida yake ya maji ni ya siku nyingi. Hata hivyo wilaya hizi zimefungwa pamoja na mto mmoja. Pangani huja na maji ya Kilimanjaro na Meru, na karibu na Korogwe hupokea mto Lwengera ushukao Usambara. Maji ya mto huo wa Pangani huvutwa kwa mabomba kutoka upande wa Korogwe mpaka Handeni. Basi mama wa Handeni afunguaye bomba lake anategemea misitu ya milimani ambayo pengine hajapata kuikanyaga.

Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita katika Kenya na kuishia Udzungwa. Milima ya Nguu, iliyokuwa katika Handeni mpaka Wilaya ya Kilindi ilipokatwa mwaka 2002, nayo ni ya tao hilo. Pepo za bahari hii yetu ndizo ziinyesheazo mvua. Misitu yake imetengana na misitu mingine kwa mamilioni ya miaka, na kwa hiyo ina viumbe wasiopatikana penginepo duniani. Yumo chura mdogo, Nectophrynoides tornieri, ambaye hatagi mayai majini kama wenzake, bali huzaa watoto walio hai. Limo na ua dogo la zambarau ambalo Baron Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka kwao Ujerumani mwaka 1892. Leo wazao wake huuzwa katika vyungu Ulaya na Marekani. Hifadhi ya Amani, iliyo katika wilaya za Muheza na Korogwe, ilitangazwa mwaka 1997 ili kuwalinda viumbe hawa.

Mzee wetu atasema: ua na chura haviliwi. Ni kweli, lakini asikilize habari ya muhogo. Pale Amani Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902, kisha Waingereza wakakishika. Tangu miaka ya 1930 wataalamu Storey na Nichols walishughulika na batobato ya muhogo. Waliuchanganya muhogo na ndugu yake wa mbali, mti wa mpira uitwao Manihot glaziovii. Kazi ile ilichukua miaka ishirini. Mbegu zake zilifika Nigeria, na tangu miaka ya 1970 zikawa asili ya mihogo mingi istahimiliyo batobato.

Na mkarafuu je? Bwana F. J. Nutman, aliyekuwa Amani katika miaka ya 1930 akichunguza mizizi ya mibuni, baadaye alikuwa miongoni mwa waliochunguza kifo cha ghafla cha mikarafuu yetu, mpaka kikajulikana kuwa ni ukungu uitwao Valsa eugeniae. Tukumbuke pia kuwa mikarafuu yetu ni kizazi cha miche michache iliyotolewa Maluku na kupandwa Mauritius mnamo mwaka 1770. Mti wenye ukoo mdogo namna hii, adui akimweza mmoja huenda akawaweza wote. Ndugu zake wa porini, kama mizambarau ya mwitu ya bara, ni nani anayewachunguza? Ni vijana kama yule wa mzee wetu.

Sasa, nani hulipa? Uko Mfuko wa kuhifadhi Milima ya Tao la Mashariki, wenye ofisi yake Morogoro, ulioandikishwa mwaka 2001. Pamoja na kusaidia vijiji na hifadhi, hugharimia utafiti. Mpango wake sisi twaujua tangu zamani. Mtu huacha minazi au mikarafuu kuwa wakfu wa msikiti: shina halikatwi wala haliuzwi, ila mazao yake hununua mikeka na mafuta ya taa. Mfuko huo nao huweka mtaji na kutumia pato lake. Sitoi hukumu ya kisheria juu ya pato hilo. Nasema juu ya mpango tu. Wako pia Rufford Foundation wa London, watoao misaada midogo kwa kazi za uhifadhi, na Tume ya Sayansi na Teknolojia ya serikali. Kijana aandike ombi fupi, aonyeshe swali lake, hesabu ya nauli na ya mwongozaji wa kijijini, na barua ya mwalimu wake.

Nami nitaleta mambo matatu mbele ya Mkutano Mkuu. La kwanza, kila tawi likubali kumpokea mwanafunzi mmoja kwa malazi na kumtembeza mashambani. La pili, kila tawi liweke kando mikarafuu mitano, mazao yake yawe nauli na chakula cha mwanafunzi huyo. La tatu ni sharti: akimaliza, arudi atusomee kwa Kiswahili aliyoyaona, na nakala moja ibaki kwa Katibu. Tumepata kuwaona waliokuja na kamba na madaftari, wakapima, wakaenda zao, wala hatukusikia neno tena. Hilo lisirudiwe.

Kwa mzee wetu, jibu langu ni hili. Elimu hii haimlishi mtu upesi. Lakini wewe mwenyewe ulipotia mche wako ardhini uliungoja miaka mingi kabla ya kupanda ngazi, ukaupalilia usijue utachuma kiasi gani. Mngojee na kijana wako vivyo hivyo, na sisi tukusaidie kumpalilia.

Wabillahi tawfiq.

Katibu wa Chama