Usikivu wa Mwalimu katika Darasa la Awali

Katika elimu ya awali, yaani malezi na mafunzo ya watoto ambao hawajaingia darasa la kwanza, usikivu wa kina ni kumsikiliza mtoto kwa nia ya kuelewa anavyofikiri kabla ya kupima kama jibu lake ni sahihi. Dhana hii ilistawi katika mji wa Reggio Emilia, kaskazini mwa Italia, ambako manispaa ilifungua shule yake ya kwanza ya chekechea mwaka 1963 kwa mwongozo wa Loris Malaguzzi, na baadaye Carla Rinaldi, aliyefanya kazi naye, akaufafanua mtindo wa shule za mji huo kuwa ni ufundishaji unaojengwa juu ya kusikiliza.

Shule hizo hazikuuachia usikivu uwe hulka tu ya mwalimu mpole, kwani ziliutengea watu, muda na vifaa. Darasa huwa na walimu wawili, hivyo mmoja anapoongoza shughuli, mwenzake huweza kuandika maneno ya watoto kama yalivyotamkwa na kuhifadhi michoro yao, kazi iitwayo uwekaji kumbukumbu, kisha walimu huzijadili kumbukumbu hizo pamoja kabla ya kuamua shughuli zielekee wapi.

Chukua mtoto wa miaka 4 anayesema kwamba saa sita mchana kivuli chake kimeingia chini ya viatu. Mwalimu mwenye haraka atamsahihisha, ilhali msikivu atatambua kuwa mtoto ameona jambo la kweli, kwamba kivuli hufupika jua linapofika utosini, naye atamuuliza kilikuwa wapi asubuhi na kumpa chaki akichore sakafuni, akichore tena baada ya saa moja.

Kungoja nako ni sehemu ya kazi hiyo. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alibaini katika shule za msingi kwamba baada ya kuuliza swali walimu walisubiri takriban sekunde 1 tu, na waliposubiri sekunde 3 au zaidi majibu yalirefuka na wanafunzi waliozoea kunyamaza wakaanza kuchangia. Mtoto anayezungumza Kisukuma nyumbani na kukutana na Kiswahili darasani anastahili muda huo zaidi ya wote.

Ni kweli kwamba mwalimu mmoja mwenye darasa lililofurika hawezi kumsikiliza kila mtoto kila siku, lakini anaweza kuketi mkekani na watoto watano wakati wengine wakicheza, akaandika sentensi mbili tatu za kila mmoja, na kesho yake akaita watano wengine.